Mashine ya boti ikigoma: dalili, sababu na la kufanya

Wenye magari wana mambo yao ya rediata na fen belti, sisi huku Lamu gari letu ni boti na injini yetu imening'inia shetri, kwa hivyo haya ninayoandika ni ya mashine ya boti, hasa hizi Yamaha Enduro tustroki (zile za kuchanganya oili na petroli) za kuvuta kwa kamba ambazo ndo utazikuta nyingi kuanzia gati ya Mokowe mpaka Kizingitini. Fostroki nitazigusa kidogo manake siku hizi nazo zimeingia. Kama yako ni ya kampuni nyengine usijali, mengi ni yale yale.

Nianze na jambo moja ambalo litakuokolea pesa: mashine nyingi zinazobebwa begani kupelekwa kwa fundi hazina ugonjwa wowote ndani. Shida iko nje ya kifuniko, kwenye tangi, kwenye mpira wa mafuta, kwenye klipu ya kuzimia, au ndani ya petroli yenyewe, na mtu kashanunua plagi mpya na kabureta kashaipasua na skrubu moja imeangukia baharini. Injini inataka vitu vinne tu, petroli safi, moto wa plagi, kompreshani (mgandamizo ndani ya silinda) na maji ya kuipoza. Dalili yoyote utakayoiona jiulize ni kipi hapo kimekosekana, alafu anza na kile kilicho karibu na mkono na kisicho na gharama.

Na kama imekuzimia baharini, kabla ya yote tia nanga. Nasema kweli nduzangu, watu wanainama juu ya mashine wanavuta kamba na kulaumiana huku mkondo unawapeleka fungu au mwamba, kule mlango wa Shela wakati wa kusi au Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya Manda na bara, maji yakiwa yanatoka mkondo haungoji umalize kufungua plagi. Nanga kwanza, sigara zima, abiria wakae chini, ndo ufungue kifuniko.

Haiwaki, hata kukohoa haikohoi

Usiendelee kuvuta. Angalia klipu nyekundu ya kuzimia, ile yenye kamba ya kufunga mkononi. Ikichomoka au isipokaa sawa hakuna moto utakaofika kwenye plagi hata uvute mpaka bega litoke, na hii inawapata manahodha wakubwa na heshima zao, mtoto kacheza na kamba, au samaki kabebwa kapita nayo, basi.

Kama kamba ya kuvutia yenyewe haitoki kabisa, angalia gia. Enduro nyingi zina kitu ndani kinachozuia kamba mashine ikiwa kwenye gia, irudishe nyutro. Iko nyutro na bado haivutiki hata kidogo? Hilo jengine, ama pistoni imeshika ama kuna maji ndani ya silinda, usilazimishe kwa nguvu za watu wawili, toa plagi zote kwanza alafu uvute taratibu uone kitakachotoka.

Sasa shika ile pampu ya mpira iliyo kwenye mpira wa mafuta, manake itakwambia mengi. Mshale uliochorwa juu yake uelekee kwenye mashine, na unapobinya isimamishe mshale ukiangalia juu, ndo valvu zake ndogo za ndani zinakaa vizuri. Ikiwa ngumu baada ya kubinya kidogo, petroli imefika kwenye kabureta na shida tafuta kwengine. Ukibinya wee na bado laini, ama tangi tupu (usicheke) ama inavuta hewa mahali, angalia viunganishi vya pande zote mbili, ndani yake mna ringi ndogo ya mpira inayokauka na jua na kupasuka, na spea yake si ya kuumiza mfuko. Mpira wenyewe pia uupitishe mkono taratibu, ukisikia umelowa petroli au una nyufa hapo ndo hewa inapoingilia.

Alafu kuna hii. Mashine imewaka vizuri, mmetoka Lamu mjini, mko karibu nusu ya njia ya kwenda Matondoni, inaanza kudhoofika inazima. Mnakaa kidogo, inawaka tena, mnaenda mwendo mfupi, inazima tena. Kila mtu ndani ya boti ni fundi sasa, huyu asema koili (ile inayotengeneza umeme wa plagi), huyu asema plagi. Hebu tazama pampu ya mpira wakati inapozima. Ikiwa imenyonywa imebonyea bapa, basi angalia kifuniko cha tangi, pale juu pana skrubu ndogo ya hewa, na utaikuta imefungwa. Mtu aliifunga jana usiku mvua isiingie, jambo zuri kabisa, lakini asubuhi hakuna aliyekumbuka kuifungua, mashine ikanyonya petroli bila hewa kuingia kuziba nafasi yake mpaka ikashindwa kunyonya. Zungusha skrubu uisikie ikivuta pumzi, pampu itajaa yenyewe mbele ya macho yako. Kama skrubu ilikuwa wazi na bado pampu inabonyea, kizuizi kiko ndani ya tangi kwenye ule mrija wa kunyonyea, toa ukaangalie kichujio chake, huwa na uchafu wa kila aina, kuanzia kutu mpaka nyuzi za gunia.

Petroli yenyewe

Hapa ndo pakubwa kwetu. Petroli inavuka na jerikeni, inakaa juani, inanyeshewa, inamiminwa kwa kopo la plastiki lililokatwa huku boti inarushiwa maji, itakosaje kuingia maji? Kupima ni rahisi, toa petroli kutoka chini ya tangi, sio juu, itie kwenye chupa nyeupe ya maji ya kunywa na uiache itulie. Maji ni mazito kuliko petroli kwa hivyo yatakaa chini na utauona mstari unaotenganisha, au utaona matone yanayoviringika chini chupa ukiiinamisha. Ukiona hivyo mwaga yote, kausha tangi, kisha toa na yaliyoingia kwenye kabureta, chini ya kila bakuli la kabureta pana skrubu ya kutolea mafuta, ifungue itoe mpaka itoke petroli tupu. Usimwage baharini jamani, weka kwenye kopo.

Dalili za petroli yenye maji ni kukohoa, kuwaka na kuzima, kupanda na kushuka sauti bila wewe kugusa tiro, ule mpini wa kuongezea mwendo. Tangi lililoachwa nusu kwa muda mrefu pia linatengeneza maji yake lenyewe, hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi na usiku unyevu unaganda kwenye kuta za tangi kisha unateremka. Kwa hivyo tangi likae limejaa au likae tupu kabisa, nusu nusu ndo tabu.

Petroli ipo, haiwaki

Toa plagi. Ikiwa imelowa petroli chapachapa umeinywesha kupita kiasi, yaani choki, ile ya kuzuia hewa mashine ikiwa baridi, imevutwa muda mrefu. Rudisha choki, chomoa mpira wa mafuta, weka waya za plagi mbali na matundu, toa klipu ya kuzimia, alafu vuta kamba mara kadhaa plagi zikiwa nje ili petroli iliyozidi itoke. Kausha plagi, rudisha kila kitu, fungua tiro nusu bila choki, vuta. Aghlabu inawaka na moshi mwingi kisha inatulia.

Ikiwa plagi kavu kabisa na pampu ya mpira ni ngumu, petroli haipiti kwenye kabureta, ama sindano ya bakuli imekwama ama filta ndogo iliyo chini ya kifuniko imeziba. Gonga bakuli la kabureta pole pole kwa mpini wa bisibisi, sindano iliyokwama mara nyingi huachia.

Moto unapimwa hivi: plagi iwe kwenye kofia yake, chuma cha plagi kiguse chuma safi cha injini, mbali na tundu la silinda manake humo mna mvuke wa petroli, usije ukajichoma nyusi. Mwenzio avute. Moto mzuri ni wa samawati na una mlio, moto wa manjano mwembamba ni dhaifu. Hapa kuna ujanja mdogo ambao watu hawautumii na ni bure. Silinda moja ikikosa moto, hamisha plagi yake uipeleke silinda ya pili. Ugonjwa ukihama na plagi basi plagi imekufa, nunua plagi tu. Ugonjwa ukibaki pale pale basi ni koili, waya au kofia ya plagi, na kofia uikague kwanza kwa sababu chumvi huingia ndani yake ikatengeneza unga wa kijani kwenye ule springi mdogo.

Zote mbili zikikosa moto kwa pamoja, si rahisi plagi mbili zife siku moja. Hapo anza na waya wa kuzimia. Ule waya unaotoka kwenye kitufe cha kuzimia uchomoe kwenye kiunganishi chake, jaribu tena. Moto ukirudi, kitufe au klipu imeingia chumvi ndani na inazima mashine muda wote bila wewe kujua. Unaweza kurudi nyumbani hivyo hivyo lakini jua kwamba sasa kitufe hakitazima kitu, itabidi uizime kwa kuvuta choki au kuchomoa mpira wa mafuta, na klipu ya usalama nayo haifanyi kazi, kwa hivyo nenda pole na mtu asikae ukingoni. Moto usiporudi basi ni sidiai (kile kisanduku cha umeme kinachopeleka moto kwenye koili) au koili ya chini ya flaiwili, lile gurudumu zito la juu, na hapo mwachie fundi mwenye mita.

Za kuwasha kwa betri kuna dalili moja tu ya kuikumbuka: ikilia tik tik tik bila kuzunguka, safisha vichwa vya betri kabla ya kununua stata. Ule uchafu mweupe wa kijani unaoota pale unazuia umeme usipite. Msasa, kaza, paka grisi juu. Betri iliyojaa na kupumzika isome karibu volti 12.6, ikiwa chini ya 12 haina nguvu ya kuzungusha.

Inawaka lakini ukiachia tiro inazima

Ukiivuta sana inaenda, ikishuka tu inakufa. Hii ni njia ndogo ya petroli ndani ya kabureta, jeti ya chini, tundu lake ni dogo sana na petroli iliyolala muda mrefu hukauka ikaacha gundi pale. Boti zilizopandishwa pwani msimu wa kusi zote zinaamka na ugonjwa huu. Dawa ni kufungua kabureta, kuloweka jeti kwenye dawa ya kabureta au petroli safi na kupuliza kwa upepo. Waya wa chuma usiingize, unapanua tundu na baada ya hapo mashine haitatulia tena, chukua uzi mwembamba wa mshipi wa nailoni, huo unapita na haukwaruzi. Na ukitaka ugonjwa usirudi, siku unapoipandisha boti toa petroli yote kwenye mabakuli ya kabureta.

Inalia sana lakini boti haiendi

Sauti juu, boti iko pale pale. Inua mashine uangalie propela. Kama ina mabawa yake yote, kuna uwezekano ile bushi ya mpira iliyo katikati ya propela imeachia, shafti inazunguka ndani na propela inateleza. Ujanja wa kuhakikisha: chora mstari mmoja wa rangi au makapeni kuanzia bushi ya ndani kuvuka mpira mpaka kwenye chuma cha nje cha propela, teremsha, nenda kidogo kwa nguvu, inua tena. Mistari ikiwa haiko sawa, bushi imekwisha. Utafika nyumbani ukienda pole pole, ukikaza tiro itateleza tena. Propela kama hii kuna mafundi wanaitia bushi mpya, si lazima ununue propela nzima.

Ikiwa haitelezi lakini boti imekuwa nzito na haipandi juu ya maji, kabla ya kulaumu injini tazama tumbo la boti. Likiwa limeota majani na chaza hakuna mashine itakayofurahi. Angalia pia tiro ikivutwa mpaka mwisho kabureta inafunguka mpaka mwisho? Kebo hulegea. Na ikiwa inatetemeka na haina nguvu, inaenda kwa silinda moja, rudi kwenye ule ujanja wa kuhamisha plagi.

Maji hayatoki nyuma

Hii usiifanyie mzaha. Ule mchirizi wa maji unaotoka pembeni ndo unaokwambia pampu ya maji inafanya kazi, ukiwasha tu lazima macho yaende pale. Haukutoka? Zima, tena zima sasa hivi.

Anza na tundu lenyewe, chukua waya mwembamba au kipande cha mshipi mgumu ukichokoe, chumvi iliyokauka na wadudu wanaojenga nyumba ya udongo huliziba wakati maji ndani yanazunguka vizuri tu. Halikufunguka, inua mguu wa mashine uangalie mlango wa kuingilia maji, ile chujio pembeni juu ya propela. Mfuko wa plastiki, majani ya bahari, tope la mikoko. Mtu aliyelazimisha kupita Mkanda maji yakiwa yamekauka akawa analima tope kwa propela asishangae, na hata tope likitoka, mchanga ule umeshapita kwenye impela na kuila.

Impela ni kile kigurudumu cha mpira chenye mabawa kilicho ndani ya mguu. Kuitoa unafungua boliti zinazoshika mguu wa chini, unaachanisha fimbo ya gia, mguu unateremka wote pamoja na shafti ndefu, na juu yake ndo utaona nyumba ya pampu. Mabawa ya impela nzima yananyumbulika na yakikunjwa yanarudi. Ikichoka yanabaki yamelala upande mmoja, magumu, au kingo zimekatika. Likikosekana bawa lazima ulitafute kipande chake, limepanda na maji na limekaa kwenye mrija wa kupozea, ukitia impela mpya bila kukitoa kipande hicho utaunguza mashine na impela mpya ndani yake. Usisahau kile kipini kidogo kinachoishikisha impela na shafti, kinapotea kwenye mchanga ukipepesa jicho. Unapoingiza mpya paka grisi kidogo na zungusha shafti kwa saa ilivyo huku ukisukuma nyumba ya pampu chini, mabawa yakunjike upande wake sahihi.

Na mashine isiwashwe nchi kavu hata kidogo, eti "naskiza sauti tu". Impela inategemea maji yenyewe kulainisha, ikikauka inaungua kwa muda mfupi sana.

Kama maji yanatoka lakini ya moto sana au mvuke, njia za ndani zimejaa chumvi, au themostati imekwama imefungwa, kwa mashine iliyo nayo. Dondosha tone la maji juu ya kichwa cha silinda, likichemka na kuruka imepita kiasi. Iache ipoe yenyewe. Kumwagia ndoo ya maji ya bahari chuma kilichochemka ndo namna ya kupasua topu, yaani hicho kichwa cha silinda.

Plagi isome

Plagi ukiitoa usiifute kwanza, iangalie. Rangi ya hudhurungi kavu, mashine iko sawa. Nyeusi na ya mafuta, oili imezidi au petroli inaingia nyingi, au unaenda pole pole siku nzima ukivuta mshipi, hii ya mwisho si ugonjwa. Nyeupe iliyounguzwa yenye malengelenge, mashine inachemka au petroli haitoshi kuingia au oili ilikuwa chache, simama utafute sababu leo leo. Ina matone ya maji au kutu, gasketi ya topu inapitisha maji. Na ukiona vidoti vidogo vya kung'aa vya fedha vimeganda pale kwenye ncha, hiyo ni pistoni yako inayeyuka, usiiwashe tena mpaka ifunguliwe.

Moshi na oili

Tustroki kutoa moshi wa samawati asubuhi ni kawaida yake. Ukiwa mwingi mpaka gati nzima wanakohoa, kipimo chako kimezidi. Enduro nyingi ni 50 kwa 1, yaani mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli, tangi la lita 25 linakula nusu lita. Lakini soma kitabu cha mashine yako, na mpya kabisa zina kipimo kizito zaidi mwanzoni. Kupima kwa jicho, "tia kidogo, tia tena", sikubaliani nako kabisa, kopo lenye alama haligharimu kitu ukilinganisha na pistoni. Oili ikizidi utasafisha plagi, ikipungua pistoni inashika na hapo hakuna ujanja. Oili yenyewe iwe ya mashine za boti, mkebe wake umeandikwa TC-W3. Ya pikipiki imetengenezwa kwa injini inayopozwa na hewa, na ya gari usiifikirie kabisa.

Kwenye fostroki hakuna kuchanganya, ukiona moshi wa samawati inakula oili, ringi au valvu. Chomoa dipstiki: oili ikiwa imepanda juu ya alama na inanuka petroli, petroli inateremkia kwenye oili, ibadilishe na utafute chanzo. Ikiwa imekuwa nyeupe, maji yameingia.

Oili ya gia

Watu wanaisahau kabisa hii mpaka gia zinaanza kulia. Chini ya mguu kuna skrubu mbili, ya chini na ya juu. Fungua ya chini, acha ya juu kwanza, tazama tone la mwanzo. Likitoka maji kwanza kabla ya oili, au oili imekuwa kama chai ya maziwa, sili (mpira unaozuia maji yasiingie) imepasuka. Na sili ya shafti ya propela mara nyingi haipasuki yenyewe. Toa propela uangalie nyuma yake, aghlabu utakuta mshipi umejizungusha pale, safu kwa safu, umekaza na umeyeyuka kidogo kwa joto mpaka umekuwa gamba gumu, na ukingo wake ndo uliokata sili. Sisi tunaovua na kupita juu ya nyavu za wenzetu kila siku, propela inafaa itolewe mara kwa mara kuangaliwa tu. Ukitia oili mpya itie kutokea tundu la chini mpaka itoke juu, ukitilia juu hewa inabaki ndani, na zile washa (ringi) za skrubu uweke mpya.

Imeanguka baharini

Imefunguka ikazama, au boti imepinduka. Kuzama sio kunakoiua mashine, ni kile kinachofanyika baada ya kuitoa. Ikiwa ndani ya maji haipati hewa ya kutosha, ukiitoa tu chumvi na hewa vinaanza kula beringi. Kwa hivyo usiiweke kando "mpaka fundi aje kesho". Ikoshe yote kwa maji matamu, toa plagi, ilaze matundu yakiangalia chini, vuta kamba pole pole maji yatoke. Ikiwa ilikuwa inazunguka wakati inazama, na sasa ukivuta unasikia inakwama mahali, acha, huenda fimbo ya pistoni imepinda. Ikizunguka vizuri, safisha kabureta, tia oili ya tustroki kidogo ndani ya kila silinda, vuta ienee, rudisha plagi kavu na petroli mpya, iwashe siku hiyo hiyo na iende muda mrefu kwenye pipa. Ikishindikana kuwaka siku hiyo basi izamishe kwenye pipa la maji matamu ikae humo mpaka fundi afike, najua inaonekana wazimu lakini ndo salama kuliko kuiacha inakauka.

Chumvi

Mashine ioshwe ndani kwa maji matamu, hasa ikiwa haitaenda baharini siku kadhaa. Pipa, maji yapite juu ya mlango wa kuingilia maji kwa kiasi, propela itoe ili isirushe maji, iwashe nyutro sauti ya chini mpaka maji ya moto kidogo yatoke. Maji yawe matamu kweli, ya vilima vya mchanga vya Shela, sio ya kisima chenye chumvi manake hapo unatia chumvi juu ya chumvi. Vile vipande vya zinki vilivyofungwa kwenye mguu ndo vinavyoliwa na chumvi badala ya mashine yenyewe, vikiisha nusu badilisha, na usivipake rangi, vikipakwa havifanyi kazi.

Ukifika kwa fundi

Sauti ya chuma kugonga ndani, kompreshani iliyopotea silinda moja, gia zinazokatika, hayo mpelekee. Mpe na plagi ulizotoa bila kuzifuta ukiandika ipi ya juu ipi ya chini, na chupa ya ile petroli uliyokuwa ukitumia. Mwambie ilizima ghafla au ilidhoofika kwanza, ilikuwa imepata moto au asubuhi baridi, na ulichokwisha kufungua. Akianza kukwambia ununue sidiai kabla hajapima moto wala kutazama tangi, beba mashine yako umpelekee mwengine.